Ngome, Mzingiro na Hodi: Taswira za Mawasiliano katika Maandishi kuhusu Usonji

Utangulizi

Jambo lisiloonekana kwa macho halina budi kuazimiwa umbo la jambo linaloonekana ili lipate kuzungumzwa. Mapenzi huitwa maradhi, maisha huitwa safari, na mauti huitwa usingizi. Uazimaji huu hauna dhara maadamu msemaji anakumbuka kwamba ameazima. Dhara huanza pale umbo la kuazima linapochukuliwa kuwa ndilo jambo lenyewe, na watu wakaanza kutenda kwa kulifuata. Ikifika hapo, tamathali ya usemi imekwisha kuwa amri.

Makala haya yanakusudia kuchunguza mfano mmoja wa hali hiyo, yaani taswira zilizotumiwa kueleza mawasiliano ya watu wenye usonji na jamii inayowazunguka. Maandishi yatakayohakikiwa ni makala mbili za Leo Kanner (1943 na 1946), kitabu cha Bruno Bettelheim na kile cha Clara Claiborne Park (vyote viwili vya 1967), vitabu viwili vya Temple Grandin (1986 na 1995), na hotuba ya Jim Sinclair (1993). Yote ni ya Marekani, na yote yaliandikwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, yanawahusu wataalamu wa Kiswahili, kwa kuwa taswira zake huingia katika lugha hii kwa mlango wa tafsiri: katika magazeti, katika redio, na katika maelezo ambayo wazazi hupewa na madaktari.

Majina yenyewe yanafaa kuangaliwa kwanza. Kiswahili kina istilahi mbili zinazotumiwa, "usonji" na "tawahudi". Hii ya pili ina asili ya Kiarabu, na shina lake ni lile lile la "wahedi". Maana yake ni hali ya kuwa pweke. Neno la Kiingereza nalo lina asili ya Kiyunani, katika neno lenye maana ya "nafsi", na liliundwa na Eugen Bleuler wa Uswisi mwanzoni mwa karne ya 20 ili kueleza kujitenga kwa wagonjwa wake wa akili. Kanner alipolichukua kuwaelezea watoto, alilichukua pamoja na maana hiyo. Basi hata kabla mtoto hajafunua kinywa, jina limekwisha kumtolea hukumu kwamba yuko peke yake.

Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba mawasiliano yanapovunjika, huvunjika baina ya pande mbili, na kwamba taswira inayouweka uvunjikaji wote upande mmoja ni taswira mbovu hata ikiwa inapendeza. Kipimo kitakachotumiwa ni hiki: kila taswira itaulizwa inamtaka nini yule aliye nje.

Kanner na mtoto aliyesema "ndiyo"

Leo Kanner alikuwa daktari wa magonjwa ya akili ya watoto katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore. Mwaka 1943 alichapisha maelezo ya watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Kati yao 8 walikuwa wamejifunza kusema na 3 hawakusema. Mwanaisimu anayeyasoma maelezo hayo leo atastaajabia sikio la Kanner. Yeye aliyanukuu maneno ya watoto kama yalivyotamkwa, hakuyasahihisha, na aliuliza kila neno lilitoka wapi.

Mmoja wa watoto hao alifundishwa na baba yake aseme "ndiyo" iwapo anataka kubebwa mabegani. Mtoto alijifunza. Lakini tangu siku hiyo, kwake yeye, "ndiyo" ikawa ni kubebwa mabegani, wala si kukubali kwa jumla. Ni rahisi kusema kwamba mtoto hakuelewa. Ukweli ni kwamba alielewa barabara kile alichoonyeshwa: neno moja, tendo moja. Jumla ambayo baba aliichukulia kuwa dhahiri haikuwamo katika somo. Ilikuwamo katika mazoea ya baba tu.

Katika makala ya 1946, ambayo inahusu hasa lugha, Kanner alieleza habari za mtoto mwingine aliyekuwa na desturi ya kujikataza kumtupa mbwa kutoka roshani, mahali pasipo na mbwa wala roshani. Mama yake alikumbuka chanzo chake. Miaka kadhaa nyuma, wakiwa katika hoteli moja Uingereza, mtoto alikuwa akitupa mbwa wake wa kuchezea kutoka roshani, na mama akamkataza. Toka hapo, kila aliposhawishika kutupa kitu chochote, mtoto aliyatumia maneno yale kujionya. Kwa msikilizaji asiyejua kisa, hayo ni maneno ya ovyo. Kwa anayejua, ni sitiari kamili: kitu kimoja kimesimama mahali pa kingine kwa sababu ya mfanano. Kanner mwenyewe alitambua hivyo, akasema kwamba kinachoitofautisha sitiari ya mtoto huyu na ya mshairi ni ufaragha wake. Mshairi huazima kutoka hazina ya watu wote. Mtoto aliazima kutoka siku moja ya maisha yake.

Uchunguzi huu ungetosha kuanzisha uhakiki wa aina yake. Shairi lenye fumbo halitupwi kwa kuwa msomaji hakulielewa mara ya kwanza. Msomaji hutafuta muktadha, huuliza mtunzi aliishi wapi na aliona nini, ndipo hutoa hukumu. Kwa mtoto mwenye usonji desturi imekuwa kinyume chake: hukumu hutangulia, na muktadha hautafutwi. Maneno yake yanayorudiwa huitwa ukasuku, na kasuku, kama kila Mswahili ajuavyo, husema asichokijua. Barry Prizant na Judith Duchan walipouchunguza urudiaji huo mwaka 1981, waliona kwamba unatumika kwa kazi saba mbalimbali, miongoni mwake kushika zamu katika mazungumzo, kuomba kitu, kukubali, na kujiongoza katika tendo. Kasuku huyo, basi, alikuwa akizungumza.

Jambo jingine alilolitaja Kanner ni matumizi ya nafsi. Watoto wake walijitaja kwa nafsi ya pili na kumtaja msikilizaji kwa nafsi ya kwanza. Roman Jakobson, katika maandishi yake ya 1957, alieleza kwamba viwakilishi vya nafsi ni aina ya pekee ya maneno, kwa kuwa maana yake huhama kila msemaji anapobadilika; ndiyo maana huwa vigumu kwa mtoto yeyote. Kwa Kiswahili suala hili lina sura yake. Mtoto anayetaka maziwa akasema "Unataka maziwa?" amelichukua swali la mama kama kipande kimoja kisichokatika. Hajakosea kiambishi, bado hajakitenga. Mwalimu anayesahihisha "u-" kuwa "ni-" bila kuliona hilo anatibu kidole ilhali maumivu yako begani.

Ngome ya Bettelheim

Usikivu huo wa Kanner haukurithiwa na kila aliyemfuata. Bruno Bettelheim alikuwa mkuu wa shule ya watoto wenye matatizo ya hisia katika Chuo Kikuu cha Chicago. Kitabu chake cha 1967, The Empty Fortress, yaani ngome tupu, kina visa virefu vya watoto watatu, na kimeandikwa kwa ufundi mkubwa wa masimulizi. Ufundi huo ndio uliokipa nguvu, na ndio ulioeneza madhara yake.

Bettelheim alikuwa amefungwa katika kambi za Wanazi za Dachau na Buchenwald mwaka 1938 na 1939. Huko aliwaona wafungwa waliokata tamaa kabisa, wakaacha kuutazama ulimwengu. Alipowaona watoto wenye usonji, aliwafananisha na wafungwa hao. Tashbihi ina mantiki yake ya ndani, na mantiki hiyo haina huruma: ikiwa mtoto ni mfungwa, basi nyumba ni kambi, na ikiwa nyumba ni kambi, mzazi ni nani? Bettelheim hakusita kujibu. Alidai kwamba kinachomsukuma mtoto katika hali hiyo ni mzazi kutamani asingekuwapo. Tiba ikawa ni kumtenga mtoto na wazazi wake.

Hapa inaonekana wazi jinsi taswira inavyoweza kufanya kazi ya ushahidi. Kitabu hakikuthibitisha kwamba akina mama walikuwa baridi. Kiliitaja ngome, na ngome haijengwi bila adui. Ushahidi wa kukipinga ulikuwapo hata kabla hakijachapwa, kwani Bernard Rimland, mwanasaikolojia na mzazi, alikuwa amekwisha kutoa hoja mwaka 1964 kwamba chanzo ni cha kimaumbile. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wa jozi 21 za pacha, ulioonyesha kwamba urithi una sehemu kubwa. Nadharia ya mama baridi ilianguka. Lakini taswira huishi kuliko nadharia iliyoizaa. Hata leo, mtu asiyepata kulisikia jina la Bettelheim husema kwamba mtoto "amejifungia", kwamba "yumo ndani", kwamba kuna ukuta wa kubomoa.

Neno "tupu" katika anwani hiyo ni la kuangaliwa pia. Ngome yenye watu huweza kuzungumza na aliye nje, ama kwa bendera ama kwa mjumbe. Ngome tupu haina wa kuzungumza. Anwani imekwisha kuamua kwamba hakuna kauli ya kungojewa kutoka ndani.

Mzingiro wa Park

Katika mwaka huo huo wa 1967 kilitokea kitabu cha Clara Claiborne Park, mwalimu wa fasihi ya Kiingereza, kinachoitwa The Siege, yaani mzingiro. Kinasimulia miaka minane ya kwanza ya binti yake, ambaye humo anaitwa Elly. Vitabu hivi viwili vinafanana kwa anwani, lakini vinatofautiana kwa maadili kama usiku na mchana.

Park naye anaitumia jazanda ya vita. Mtoto wake yumo ndani ya boma, ameridhika na upweke wake, haombi kitu. Wazazi wako nje, nao wameamua kuingia. Ila tofauti na Bettelheim, Park hadai kujua kwa nini boma limejengwa, wala hamlaumu mtu. Anachojua ni kwamba yuko nje na anampenda aliye ndani. Uzuri wa kitabu chake uko katika wingi wa mambo madogo madogo. Anaandika kile mtoto alichofanya, siku aliyokifanya, na kile yeye mama alichojaribu baadaye, hata kama kilishindikana. Katika uandishi wa namna hiyo mtoto haonekani tupu. Anaonekana ana mapendeleo, ana mpango, ana mzaha wake. Yaani masimulizi ya Park yanaipinga anwani yake mwenyewe. Msomaji aliyeingia akitarajia vita anakuta mtu anayejifunza, kidogo kidogo, adabu ya kumkaribia mtu mwingine.

Pamoja na hayo, jazanda ina gharama yake, na ni wajibu wa mhakiki kuihesabu. Msomaji wa pwani ana mfano wake wa karibu. Ngome ya Yesu mjini Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilizingirwa na Waomani tangu 1696 hata 1698. Waliokuwamo waliangamia kwa wingi, kwa maradhi na njaa, na mwisho wake bendera moja ilishuka na nyingine ikapanda. Kila mzingiro huishia hivyo: kuna aliyeshinda na aliyesalimu amri. Anayezingira hafikirii kujifunza lugha ya waliomo, anangoja wachoke. Park hakutaka hayo kwa binti yake, na hakuyatenda. Lakini wengi walioichukua taswira yake bila moyo wake waliyatenda, wakamshurutisha mtoto akae kimya mikono yake, atazame macho, ajibu haraka, na kila alichokubali kwa kuchoka wakakihesabu kuwa ushindi.

Inafaa kusemwa kwamba Park alirudi katika habari hizo mwaka 2001, katika kitabu kingine, Exiting Nirvana. Wakati huo binti yake alikuwa mtu mzima, mchoraji wa picha za majengo zenye rangi kali, na sasa alitajwa kwa jina lake halisi, Jessy. Jazanda ya vita imeondoka katika anwani. Mama amemsikiliza mtoto kwa miaka arobaini, na usikilizaji huo umembadilisha mwandishi.

Mlango wa kioo wa Grandin

Hadi hapa waliosema ni walio nje. Mwaka 1986 Temple Grandin, aliyezaliwa mwaka 1947 na ambaye baadaye alikuwa profesa wa sayansi ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, alichapisha Emergence: Labeled Autistic kwa kushirikiana na Margaret Scariano. Mwaka 1995 alifuatisha Thinking in Pictures. Ndani ya vitabu hivyo aliye na usonji anatoa taswira zake mwenyewe, na jambo la kwanza linalomgonga msomaji ni kwamba hazina ngome.

Kilichomo ni milango. Grandin anaeleza kwamba yeye hufikiri kwa picha, na kwamba mahusiano ya watu hayakumwingia akilini mpaka alipoyapatia kitu cha kuonekana. Akiwa mwanafunzi wa sekondari aligundua mlango mdogo wa mbao katika chumba cha juu kilichofungukia paa. Kupita katika mlango ule kukawa kwake ndiyo picha ya kupita kutoka hatua moja ya maisha hadi nyingine. Baadaye aliipata picha ya mlango wa kioo wa kuteleza. Mlango huo, anaeleza, haufunguki kwa kusukumwa kwa nguvu. Anayeuparamia ataupasua; anayeuendea polepole utamfungukia. Hivyo ndivyo alivyoelewa kwamba uhusiano na mtu hauendewi kwa pupa.

Kuna tukio jingine analolisimulia. Siku moja alipokuwa akisafisha madirisha ya bwalo, alinaswa baina ya vioo viwili, akalazimika kuwasiliana na aliye upande wa pili kupitia kioo. Aliona kwamba hali yake yote ni kama hiyo. Taswira hii ni ya thamani kubwa kwa hoja ya makala haya. Kioo huonyesha pande zote mbili. Aliye ndani anamwona aliye nje, na anaonekana naye. Hakuna utupu, hakuna adui, na hakuna aliyejificha. Kilichopo ni kizuizi ambacho kinawahusu wote wawili, na anayetaka kukiondoa kwa ngumi atamjeruhi mwenziwe na kujijeruhi.

Uhakiki wa haki utataja mipaka pia. Kitabu cha kwanza kiliandikwa na watu wawili, na si rahisi kupambanua sauti ya kila mmoja. Aidha, Grandin alielekea kuwadhania wote wenye usonji kuwa hufikiri kwa picha kama yeye, dhana ambayo baadaye aliirekebisha. Tena katika milango yake, anayejifunza kupita ni yeye peke yake. Msomaji haonyeshwi mtu wa upande wa pili akijifunza kupita kuja kwake. Adabu yote imebebeshwa mmoja.

Wageni wawili

Upungufu huo ndio uliojazwa na Jim Sinclair. Hotuba yake, Don't Mourn for Us, ilitolewa katika mkutano wa kimataifa kuhusu usonji uliofanyika Toronto mwaka 1993, na waliolengwa ni wazazi. Ni maandishi mafupi, ya lugha nyepesi, na kwa upande wa balagha yanashinda yote yaliyotajwa hapa. Sinclair analikabili suala la ukuta waziwazi na kuukana. Anawaambia wazazi kwamba walijaribu kuongea na mtoto kwa njia waliyoizoea, mtoto hakuitika, nao wakahitimisha kwamba hayupo. Walichodhani ni ukuta kilikuwa ni kukosekana kwa lugha ya pamoja. Mzazi amekuja na ishara alizozirithi kwa wazee wake, mtoto hana ishara hizo, na kazi ya kutafuta nyingine ni ya wote wawili. Zaidi ya hayo, anakumbusha kwamba kila mwenye usonji aliyejifunza kusema na jamii amefanya hivyo katika nchi ya ugeni, na kwamba ameishi maisha yake yote ugenini.

Kwa hotuba hiyo taswira imehama kutoka uwanja wa vita hadi uwanja wa lugha, ambao ni uwanja wa wasomaji wa jarida hili. Hakuna mwanaisimu atakayesema kwamba Mluo asiyejua Kigiriki ana kasoro ya mawasiliano. Atasema kwamba Mluo na Mgiriki wamekosa lugha ya kukutania. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye naye ana usonji, aliipa hoja hii umbo la nadharia, akaeleza kwamba tatizo la kuelewana ni la pande mbili: wasio na usonji huwasoma vibaya wenye usonji kama vile wanavyosomwa vibaya nao. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichapisha jaribio la watu 72, waliopashana hadithi kutoka mmoja hadi mwingine katika minyororo ya watu wanane. Minyororo ya wenye usonji watupu iliihifadhi hadithi sawa na ile ya wasio na usonji; iliyochanganya iliipoteza zaidi. Utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2025 haukuiona tofauti hiyo ya minyororo ya mchanganyiko, kwa hiyo haifai kulitegemea jaribio la kwanza kupita kiasi. Lakini katika tafiti zote mbili wenye usonji hawakushindwa kupashana habari, na hilo linatosha kuondoa dhana ya ngome tupu.

Ziko dalili za hapa petu zinazounga mkono hoja hiyo. Kutotazamana macho kumo katika orodha ya dalili za usonji zinazotumiwa na madaktari wa Marekani. Ilhali katika jamii nyingi za Kenya mtoto hufundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na anayemkodolea mzee macho huitwa mkosefu wa adabu. Chukua maamkizi pia. "Hujambo" hujibiwa "sijambo" hata na aliyeshikwa na homa, na "habari za nyumbani" hujibiwa "njema" hata nyumbani kukiwa na matanga. Habari ya kweli hufuata baadaye. Bronislaw Malinowski alikwisha kueleza mwaka 1923 kwamba maneno ya namna hii hayakusudiwi kupasha habari, bali kuunga watu. Mtu anayeyachukua maneno kwa maana yake ya wazi, akaulizwa habari na akatoa habari, hajavunja kanuni ya lugha. Amevunja mkataba ambao hakuna aliyemsomea. Kumwita mtu huyo "asiyejali watu" ni kosa la tafsiri.

Asiyesema

Suala gumu kuliko yote ni la wale wasiotumia sauti, kama watoto watatu wa Kanner. Hapa tahadhari inahitajika pande zote. Katika miaka ya 1990 ilienea mbinu ya kumshikia mkono mtu asiyesema ili aandike, na majaribio yaliyofanywa yakaonyesha kwamba maneno yalitoka kwa mshika mkono. Kitabu cha Naoki Higashida wa Japani, kilichotolewa mwaka 2007 na kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2013, kilitungwa kwa kuonyesha herufi ubaoni, na kimezua mabishano kuhusu nani hasa mtunzi. Mabishano hayo si ya kupuuzwa, kwa kuwa kumsemea mtu na kumwekea jina lake ni kumnyamazisha mara ya pili.

Lakini tahadhari hiyo isigeuzwe kuwa kisingizio cha kutosikiliza. Ziko njia ambazo mwenyewe huzitumia bila kushikwa mkono: picha, ishara, maandishi, mashine za kutamka. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 7, inaitaka serikali kukuza lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya, Breili, na njia nyinginezo za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu. Idara za lugha zimeitaja mara nyingi sehemu ya kwanza ya kifungu hicho. Sehemu ya mwisho nayo ni kazi yao.

Hitimisho

Imeonekana kwamba taswira nne zilizochunguzwa zinamtaka aliye nje mambo manne tofauti. Ngome tupu ya Bettelheim inamtaka atafute wa kulaumiwa. Mzingiro wa Park unamtaka adumu, ingawa unamfundisha kushinda. Kioo cha Grandin kinamtaka awe mpole. Ugeni wa Sinclair unamtaka ajifunze lugha. Hii ya mwisho ndiyo bora, kwa sababu ndiyo pekee inayombadilisha yeye pia.

Kiswahili hakihitaji kuazima ngome. Kina hodi. Anayefika penye nyumba ya mtu hasukumi mlango hata ukiwa wazi. Hubisha hodi na kungoja, hubisha ya pili na ya tatu, na asipoitikiwa huenda zake bila kinyongo, kwa kuwa mwenye nyumba ana haki ya kutoitika. Wala kutoitika leo hakumaanishi kwamba nyumba ni tupu. Jambo linalofanana na hilo limekwisha kubuniwa na wenye usonji wenyewe. Katika makongamano ya mtandao ulioanzishwa na Sinclair na wenzake, kila mtu aliweza kuvaa beji ya rangi: nyekundu kwa asiyetaka kusemeshwa, manjano kwa anayetaka kusemeshwa na anaowajua tu, kijani kwa anayetaka mazungumzo lakini kuyaanza kunamwia vigumu. Rangi hiyo ya tatu ndiyo inayovunja hoja yote ya upweke wa kutaka, maana aliyeivaa anangoja kubishiwa.

Waandishi wa Kiswahili wanaoanza sasa kumchora mtu mwenye usonji katika riwaya, tamthilia na vitabu vya watoto wana nafasi ambayo wengine waliipoteza. Wakimjengea ngome, watamlazimisha msomaji kuwa askari. Wakimpa nyumba, mlango, na muda wa kuitika, watakuwa wametumia hazina ambayo lugha yao ilikuwa nayo tangu zamani.